Masika ya Fuwele

3 Machi, Jumatatu

Kwa miaka kumi na tisa madaftari yangu yamebeba hali ya hewa tu: mvua ilianza saa ngapi, upepo ulitoka upande gani, ziwa limepanda kiasi gani. Masika hii naongeza watu, kwa sababu nyumba imebadilika. Hasna amerudi.

Hasna ni mjukuu wa Bi Kuruthumu, mwenye nyumba hii ya Ujiji ambamo mimi nina chumba cha uani. Ana miaka thelathini na mmoja na anasomea uzamivu wa fizikia, chuo kilicho mbali na hapa. Wiki mbili zilizopita bibi yake aliteleza uani akavunjika mguu. Hasna akaiacha maabara na wenzake, akaja kumuuguza. Amekuja na begi moja la nguo na begi moja la kompyuta, na la kompyuta ndilo zito.

Mvua saa nane mchana hadi kumi na moja. Upepo wa kusini.

4 Machi

Mvua.

6 Machi, Alhamisi

Leo nimemuuliza anafanya nini kutwa nzima mbele ya kile kioo.

"Babu, sola unazoziona madukani zinatengenezwa kwa moto mkali sana. Sisi tunatafuta njia nyingine. Unachukua kimiminika, kama wino, unakipaka kwenye kipande cha kioo, chembamba kuliko unywele. Kinakauka, kinaacha fuwele. Fuwele za namna hii zinaitwa perovskaiti. Mwanga ukizipiga, zinatoa umeme."

"Na wewe ndiye unayepaka?"

"Wenzangu wanapaka. Mimi nazikuza ndani ya kompyuta."

Akanionyesha. Kioo kimegawanywa vijumba vidogo kama daftari la hesabu. Vya buluu ni wino, vyeupe ni hewa. Kompyuta inapiga kura: chembe hii inashika, ile inaruka kwenda hewani, nyingine inakaa. Kura mamilioni na mamilioni, mpaka wino unaisha na mahali pake pamejaa rangi nyingine, kila punje ya fuwele na rangi yake. Anataka kujua punje zinavyoota, ili wenye maabara wajue kupaka vizuri bila kubahatisha kila siku.

Nilitikisa kichwa kwa adabu. Kwa miaka thelathini na miwili nimechemsha chumvi kule Uvinza. Fuwele nilizozikomba mimi kwa reki zingejaza mabehewa ya treni. Fuwele huota katika maji. Katika kompyuta huota picha.

Bi Kuruthumu, aliyelala barazani na mguu wake ndani ya hogo la plasta, alikuwa akitusikiliza. "Mwonyeshe taratibu huyo Mrundi," akasema. "Alikuja Ujiji na gunia la chumvi begani, anadhani dunia nzima inachemshwa."

9 Machi, Jumapili

Sasa nimeelewa kwa nini binti huyu hali vizuri hata futari.

Msimamizi wake, Dokta Winfrida, alipiga simu nikiwa barazani. Hasna aliiacha sauti wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga. Dokta ana sauti tulivu, na maneno yake yalikuwa machache. Chuo kimemwongezea Hasna muda mara mbili na hakuna mara ya tatu. Jopo la utetezi linakaa katikati ya Mei. Ikifika tarehe thelathini Aprili na fuwele za kompyuta bado hazifanani na fuwele za maabara, Dokta hataipeleka tasnifu mbele, na jina la Hasna litafutwa. Miaka sita.

Baadaye Hasna aliniwekea picha mbili sambamba. Ya kwanza ni ya maabara: wamevunja kioo wakautazama ukingo wake kwa hadubini. Fuwele zimesimama kama matofali ya kuchoma yaliyopangwa wima, kila moja imetoka chini ikafika juu bila kukatika. Ya pili ni ya kompyuta: punje ndogondogo zimerundikana.

"Changarawe," nikasema.

"Changarawe," akakubali. "Umeme ukipita kwenye matofali yale unafika. Ukipita kwenye changarawe, unapotea kwenye kila kiungo. Maabara inapata matofali, mimi napata changarawe, na sijui kwa nini."

11 Machi

Mvua toka alfajiri. Kompyuta yake ndogo hufanya majaribio madogo tu. Makubwa anayatuma kwa mtandao kwenye mashine za chuo, na huko kuna foleni. Jaribio la kumi na moja limerudi. Changarawe.

14 Machi

Umeme ulikatika siku nzima.

16 Machi, Jumapili

Faridi amekuja kumwona mama yake. Ni baba mdogo wa Hasna, mfanyabiashara wa dagaa, ana pikapu na haraka nyingi. Alinipa shikamoo yangu kisha akasimama nyuma ya Hasna akitazama rangi zinavyoota.

"Hiki ndicho kinachokumaliza macho?"

"Ndiyo, Ba'mdogo."

"Kidahwe kuna sekondari haina mwalimu wa fizikia. Nimeshaongea na mkuu wa shule. Una digrii mbili tayari, Hasna. Ya tatu ni ya nini? Miaka sita unachora kanga."

"Nikishindwa, nitakwenda."

"Mimi sijasema ushindwe. Nimesema uchoke."

Naandika kwa ukweli: moyoni nilikuwa upande wa Faridi.

17 Machi

Changarawe.

20 Machi

Mvua kubwa. Ziwa limeingia tena kwenye mashamba ya chini. Changarawe.

22 Machi, Jumamosi

Futari ya leo ilikuwa ya magimbi na samaki. Bi Kuruthumu, ambaye hafungi kwa sababu ya dawa, alikuwa ameshakula mchana na bado alikula zaidi yetu.

Nilimuuliza Hasna swali ambalo lilikuwa likinikaa: kompyuta inajuaje fuwele ya kwanza izaliwe wapi?

"Mimi ndiye ninayeiambia. Inaanzia chini, kwenye kioo." Akatabasamu. "Kama chumvi yako. Hukumbuki? Nilikuwa na miaka tisa. Ulinikalisha pale mlangoni ukanichorea sufuria kubwa za Uvinza. Ukasema chumvi huzaliwa chini, pale karibu na moto, halafu inanenepa, ndipo mnaingiza reki. Siku ile ndiyo niliyoanza kupenda fuwele."

Sikukumbuka kumchorea. Lakini nilifurahi kiasi kwamba nilirudi chumbani bila kumaliza chai.

Nilivuka mpaka nikiwa na miaka kumi na saba, mwaka sabini na mbili, nikikimbia mauaji kutoka Rumonge, Burundi, nikiwa na shati na daftari la kemia la kidato cha pili. Sikusoma tena darasani. Kilichobaki nimekisoma mwenyewe, kwenye vitabu vilivyochakaa ambavyo watu wengine walikwisha kuchoka navyo, na kwenye mvuke wa maji ya chumvi. *Umunyu*, ndiyo chumvi kwa lugha ya mama yangu. Kila jua likichomoza naliona ziwa lilelile lililokuwa mbele ya nyumba yetu, ila mimi niko upande mwingine wa mpaka. Sikuwahi kufikiri kwamba kitu kutoka kinywani mwangu kilikwenda chuo kikuu.

Nadhani nilimdharau mapema mno. Anajua anachofanya.

26 Machi

Changarawe.

31 Machi, Jumatatu

Idi. Pilau. Hakuna aliyeigusa kompyuta.

2 Aprili, Jumatano

Hasna amebadilisha kila kitu: joto, unene wa wino, kasi ya kukauka, namna chembe zinavyovutana. Ameandika orodha ukutani kwa chaki na kukata kimoja baada ya kingine. Jaribio la kumi na tisa: changarawe.

Nilitaka kumsaidia. Nikamwambia, hujaona fuwele halisi ikizaliwa mbele ya macho yako, umeona picha zake tu. Jua likitoka nitakuyeyushia chumvi kwenye sahani ya kioo mpaka maji yakatae kumeza zaidi, tuyaweke juani, uone mwenyewe inavyoota kutoka chini. Labda utaona kitu ambacho kompyuta haijaambiwa.

"Sawa, Babu. Jua likitoka."

3 Aprili

Mvua.

4 Aprili

Mvua. Sahani iko tayari.

5 Aprili

Mvua. Bi Kuruthumu anauliza kama natengeneza mboga.

7 Aprili

Mvua. Jaribio la ishirini na mbili. Changarawe. Siku ishirini na tatu zimebaki.

8 Aprili, Jumanne

Jua, tangu saa mbili. Milima ya Kongo inaonekana yote.

Faridi aliwachukua Hasna na bibi yake kwenda hospitali kuangaliwa lile hogo. Nilibaki peke yangu. Niliweka sahani juu ya kinu kilichopinduliwa, nikachukua kioo changu cha kukuzia, nikapiga magoti juu ya gunia. Nilitaka niwe na kitu cha kumwonyesha akirudi.

Kwa saa nzima hakikuonekana chochote. Nilitazama chini ya sahani, nikingoja. Kisha nikaona kivuli kidogo cha mraba kwenye sakafu ya sahani, kikitembea. Nikafikiri ni macho yangu. Nikanyanyua kioo.

Fuwele ilikuwa juu. Ilikuwa inaelea usoni mwa maji, kijisanduku kisicho na kifuniko, kidogo kuliko kichwa cha sindano, kingo zake zimenyooka kama zimepigwa rula. Pembeni yake nyingine. Kisha kumi. Zilikuwa zikinenepa pale pale juu, ambapo maji yalikuwa yanaruka kwenda hewani, zikishikana mikono kuwa utando. Moja ikawa nzito, ikainama, ikazama. Nikaifuata kwa macho mpaka ilipolala chini. Baada ya saa mbili chini kulikuwa na tabaka jeupe zuri, lile lile nililolikomba kwa miaka thelathini na miwili, na nilikuwa nimeziona nyingi sana zikianguka kutoka juu.

Pale Uvinza sufuria zilikuwa pana kama chumba, moto chini yake, mvuke juu yake mnene kama blanketi. Hatukuona uso wa maji. Tulichoona ni kile ambacho reki ilituletea. Tulikikuta chini, tukasema kimezaliwa chini. Mimi nilisema hivyo kwa vijana wa kazi, nikasema hivyo kwa mtoto wa miaka tisa.

Waliporudi, Hasna aliuliza, "Vipi sahani, Babu?"

Nikamwambia mawingu yalikuja.

9 Aprili, Jumatano

Hayakuja. Jua la jana lilikuwa kamili, na yeyote aliyekuwa Kigoma anajua.

Jaribio la ishirini na tatu: changarawe. Faridi amemletea fomu ya shule ya Kidahwe. Hasna ameijaza jina na tarehe ya kuzaliwa, akaiweka chini ya kompyuta.

Sikusema kitu leo pia. Mtu aliyeacha kila alichokuwa nacho akiwa na miaka kumi na saba hushikilia sana alichokipata baadaye. Mimi nilipata chumvi. Hayo ni maelezo. Si udhuru.

10 Aprili, Alhamisi

Nimemwambia. Alikuwa anaosha vyombo.

"Hasna, jua lilikuwepo juzi. Nilikudanganya. Fuwele huzaliwa juu, usoni mwa maji, halafu huzama. Nilikosea kwa miaka yote ile, na wewe nilikukosesha."

Alibaki na sufuria mkononi, maji yakimtiririka hadi kwenye viwiko.

"Juu," akasema.

"Juu."

"Zote?"

"Chache chini, mwishoni. Nyingi sana juu."

Nilitegemea akasirike. Bi Kuruthumu ndiye aliyekasirika, kutoka barazani. "Siku mbili, wewe mzee. Mtoto anahesabu siku kama mfungwa na wewe umekalia jibu kama kuku."

"Si jibu, Bibi," Hasna akasema. Alikuwa ameshakaa, mikono ikiwa na povu. "Chumvi siyo perovskaiti. Lakini ni swali. Nimepima kila kitu kwenye ile programu, Babu. Kila namba niliihoji inatoka wapi. Hiyo ya kuanzia chini sikuihoji hata siku moja, kwa sababu ilitoka nyumbani."

Tulirudia sahani mchana, watatu, Bi Kuruthumu akiwa ameinuliwa kwenye kiti. Hakusema neno lolote kwa dakika kumi nzima, jambo ambalo naliweka hapa kwa kumbukumbu.

11 Aprili

Nilidhani atahamisha mbegu, yaani zile fuwele za kwanza, kutoka chini kwenda juu, kazi iishe. Hapana. "Nikifanya hivyo nitakuwa nimebadilisha amri moja kwa amri nyingine," alisema. Anaifuta amri yenyewe. Kompyuta haitaambiwa fuwele izaliwe wapi. Itaambiwa tu wino unavyopungua kwa kuruka hewani, na kwamba mahali popote palipozidi kukolea, fuwele inaruhusiwa kuzaliwa. Mengine itaamua yenyewe.

Heshima yangu kwake leo si ile ya tarehe ishirini na mbili Machi. Ile ilikuwa heshima kwangu mwenyewe.

12 Aprili

Anaandika. Mvua.

13 Aprili

Anaandika. Nimepika mimi. Bi Kuruthumu amesema ugali wangu unafaa kuziba mtumbwi.

15 Aprili

Jaribio la ishirini na nne limeingia kwenye foleni. Wako watu arobaini mbele yake.

16 Aprili

Foleni.

17 Aprili

Foleni. Mvua ya mawe kidogo.

18 Aprili, Ijumaa Kuu

Nilitoka kanisani saa tisa na nusu na kumkuta Hasna amesimama katikati ya ua, mvua ikimnyeshea, kompyuta ameiacha ndani.

"Nenda ukaangalie," akasema. "Nataka kuona kama wewe pia unaona."

Nikaketi. Wino wa buluu ukaanza kushuka. Muda mrefu hakuna kitu. Kisha, juu kabisa, pale buluu inapokutana na nyeupe, nukta nyekundu. Nukta ya kijani mbali nayo. Njano. Zikatambaa pembeni mpaka zikagusana, zikawa utando, halafu kila moja ikaanza kuota kwenda chini, wima, ikila buluu iliyo chini yake, mpaka ikafika kwenye kioo.

Matofali yamesimama.

Nilitazama mara tatu. Nilitoka nje nikamwambia nimeona. Alicheka, akalia, akacheka, kisha akaenda kumpindua bibi yake kwenye mkeka kwa sababu ulikuwa wakati wa dawa.

20 Aprili

Pasaka. Amefufuka kweli. Jua.

22 Aprili, Jumanne

Dokta Winfrida amepiga simu. Ameona matofali. Amesema ni mazuri, kisha akasema:

"Hasna, umepata picha uliyokuwa unaijua tayari. Mtahini atakuuliza kama hukuipinda programu mpaka ifanane. Nataka uniambie kitu ambacho hakuna mtu amekiona."

Wamekubaliana hivi. Maabara itakausha wino kwa kuupulizia hewa kavu kwa nguvu, jambo ambalo hawajawahi kulifanya. Kabla hawajavunja kioo, Hasna atatuma kwa maandishi kile ambacho kompyuta inasema watakikuta. Akikosea, imekwisha, hakuna siku za kuanza upya.

Faridi alikuwepo. Aliposikia alikuna kidevu. "Yaani anasema kilichomo ndani ya wavu kabla haujavutwa?"

"Hivyo hivyo," nikamjibu.

"Mimi siwezi," akasema, na akakaa chini. Hajawahi kukaa chini katika nyumba hii.

24 Aprili, Alhamisi

Utabiri umetumwa saa nne asubuhi. Nimeunakili: *Utando utafunga mapema. Fuwele zitakuwa wima lakini nyembamba, karibu nusu ya upana wa zile za kwanza. Kwa kuwa wino utanaswa chini ya utando na kutoroka baadaye, yatabaki mapango madogo chini kabisa, pale fuwele zinapogusa kioo. Kwa juu hayataonekana.*

Hayo mapango yamemtisha mwenyewe. Hakuyatarajia, kompyuta ndiyo imeyaleta. Angeweza kuyaacha nje ya barua. Nilimuuliza.

"Yakiwepo na sikuyasema, nitajua," alisema. "Yasipokuwepo na nimeyasema, watajua wote. Basi."

25 Aprili

Mvua.

26 Aprili

Mvua. Hakuna simu.

27 Aprili

Mvua. Bi Kuruthumu amesoma Yasini, nami nimesoma zaburi, kila mtu upande wake wa baraza.

28 Aprili, Jumatatu

Saa sita kasorobo. Sauti ya Dokta Winfrida haikuwa tulivu.

"Tumevunja kioo. Fuwele nyembamba, nusu kamili. Kwa juu ni laini, safi, mtu angesema ni kazi bora. Kwa ubavu, chini, ni mapango, Hasna. Mstari mzima wa mapango. Tungeuza sola ile kwa sifa, na isingemaliza mwaka."

Hasna alisema, "Asante, Dokta," kwa sauti ya mtu aliyeambiwa basi limefika. Kisha akakaa sakafuni.

Bi Kuruthumu akapiga vigelegele akiwa amelala, na mtu asiyewahi kusikia vigelegele vinavyotoka kwa mtu aliyelala chali hawezi kuelewa. Majirani walikuja kuuliza ni harusi ya nani.

30 Aprili

Dokta ameipeleka tasnifu mbele. Mvua hafifu.

8 Mei

Hogo limetolewa. Bi Kuruthumu ametembea hadi mlangoni na kurudi, akilaumu njia.

14 Mei, Jumatano

Leo Hasna ametetea tasnifu yake kwa mtandao. Mtandao wa Ujiji haukuaminika, kwa hiyo Faridi alikodi chumba chenye mtandao mzuri mjini Kigoma. Mimi nilikaa nyuma, nje ya kamera, nimevaa koti.

Watahini watano kwenye kioo, kwa muda wa saa mbili na robo. Yalikuwa mengi nisiyoyaelewa. Nilielewa mmoja, mwenye nywele nyeupe, alipouliza:

"Kwa miaka miwili ulianzishia mbegu chini. Kwa nini?"

"Nilimwamini mtu bila kupima," Hasna akajibu. "Na yule yule ndiye aliyepima, akaniambia amekosea. Nimeandika jina lake ukurasa wa nne."

Yule mzee alifungua ukurasa wa nne. Alisoma jina langu kwa sauti, polepole, majina yote mawili, pamoja na lile la Kirundi ambalo karani wa kambi ya wakimbizi alilifupisha mwaka sabini na mbili. Hasna ameliandika zima. Sijui alilipata wapi. Nadhani alimuuliza bibi yake.

Wakamtoa nje kwa dakika ishirini. Tulisimama koridoni, watatu. Wakamwita. Mlango ulibaki wazi kidogo.

Amepita. Masahihisho madogo, wiki mbili.

Tukatoka hadi kwenye pikapu. Hasna, kwa heshima ya siku zote, akanifungulia mlango wa mbele, mahali pa mzee. Nilimshika kiwiko nikamwingiza yeye, nikaufunga mlango, nikaenda nyuma na kupanda kati ya matenga ya dagaa. Faridi alitoa kichwa dirishani.

"Mzee wangu, shuka, utaumia. Nafasi ipo."

"Endesha," nikamwambia. "Umembeba Daktari."

Tulipofika mtaa wa Mwanga mvua ilianza, nzito, mvua ya mwisho ya masika kwa maoni yangu. Faridi akapunguza mwendo kuniuliza kama asimame. Nikagonga bodi mara mbili ili aendelee.